Amplifaya na Sabufa: Soma Namba Kwanza

Msikilizaji mwenye gari, usivutwe na wati 2000 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la sabufa. Hicho ni kilele cha muda mfupi mno. Tafuta RMS, nguvu ambayo spika huihimili mfululizo. Ikiwa ni wati 300, chagua amplifaya inayotoa takriban hizo.

Kisha angalia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na hapa ndipo amplifaya huungua. Sabufa ya koili mbili za omu 4, zikiungwa sambamba huwa omu 2. Zikiungwa mfuatano, 8. Amplifaya isiyoruhusu omu 2 itachemka. Muulize fundi ataziungaje koili hizo kabla hajakaza nyaya. Na fyuzi ya waya mkuu ikae karibu na betri: waya ukichubuka bila fyuzi, gari linaweza kuwaka moto.