Nepi za Nguo kwa Mtoto Mchanga: Kwanza Tutazame Maji

(Mazungumzo na akina mama wa Shela, Lamu)



Nimetakiwa niseme machache juu ya nepi za nguo kwa mtoto aliyezaliwa karibuni: namna ya kuzitayarisha, kuzifunga, kuzifua na kuzianika. Wazee wetu walioketi hapa hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Wao waliwapiga watoto wao uwinda wa leso kuukuu kabla ya nepi za kutupa kuenea katika maduka yetu. Lakini wako mabinti waliokulia katika zama za nepi hizo za kutupa, ambazo kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuziuza kwa jina la Pampers mwaka 1961. Hao ndio hasa ninaokusudia kusema nao.

Neno langu kubwa ni moja: nepi ya nguo haianzii dukani, yaanzia kisimani.

Ninyi mwajua kwamba maji tunywayo hapa, na yale yanywewayo mjini Lamu, yatoka katika visima vya vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya mji huu. Mvua inyeshapo hupenya mchangani, na maji yake matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Yakitekwa kwa pupa, maji ya chumvi hupanda na kisima huharibika. Tena mchanga haujui kuchagua: hupitisha maji ya mvua, na hupitisha pia uchafu uliomwagwa juu yake. Kwa hiyo mama anayefua nepi Shela ameshika mambo mawili mkononi mwake: afya ya mtoto wake na kisima cha jirani zake.

Pengine mtu atauliza: ikiwa maji ni tunu, si afadhali nepi za kutupa? Nami namwuliza, hutupwa wapi? Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara kumi hivi kwa siku, mchana na usiku. Hizo ni nepi mia tatu kwa mwezi mmoja. Kila mmoja na atazame bei ya duka lake, kisha apige hesabu mwenyewe. Nepi hizo zina plastiki ndani yake, wala haziozi upesi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Lakini nepi hazikuguswa na amri ile. Basi huonekana ufuoni na vichochoroni, zikipasuliwa na paka na kuliwa na punda, na kinyesi kilichomo hurudi katika mchanga ule ule.

Hata hivyo si haki kusema kwamba nguo ni bora kwa kila hali. Uchunguzi uliotolewa na Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza mwaka 2008 ulionyesha kuwa faida ya nguo yategemea ufuaji wake. Mwenye kukausha kwa mashine na kuchemsha maji kupita kiasi hapati faida kubwa. Mwenye kufua nyingi kwa pamoja, kuanika juani, na kumwekea mtoto wa pili nepi zile zile, huyo ndiye apataye. Jua twalo, na kuwekeana nguo ni desturi yetu ya zamani. Lililobaki ni kujua kazi yenyewe.

MATAYARISHO KABLA YA KUZALIWA

Nepi dazeni mbili zatosha kwa kuanzia. Kumi zatumika, kumi zi juu ya kamba, na nne ni akiba ya siku ya mvua. Dazeni moja na iwe ya melimeli au kitambaa cha taulo cha pamba, kila kipande mraba wa sentimeta 60 hivi. Dazeni ya pili yaweza kutoka katika leso na vikoi vilivyochakaa. Nguo kuukuu ni laini, hunyonya vizuri, na kwa wembamba wake hukauka upesi. Vipande vidogo vishonwe viwili viwili pamoja.

Nguo mpya isivishwe mtoto kama ilivyotoka dukani. Ina dondo ndani yake, nayo huzuia maji yasinyonywe na huweza kuikwaruza ngozi. Ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili au tatu.

Hapa nataka kutoa onyo. Nepi au leso zilizohifadhiwa sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, vya kufukuza mende na nondo, zisimguse mtoto mchanga. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu fulani katika damu, na upungufu huo si haba katika nchi za malaria kama pwani yetu. Dawa ya vidonge hivyo huweza kuvunja chembe za damu ya mtoto wa namna hiyo, akapata umanjano mkali unaoweza kudhuru ubongo wake au kumwua. Mama hawezi kujua kwa macho ikiwa mtoto wake ni miongoni mwao. Njia ya salama ni kuweka nguo za mtoto mahali pasipokuwa na vidonge hivyo kabisa. Kadhalika udi na ufukizwe katika nguo za mama akitaka. Nepi za mtoto ziachwe bila ya moshi wala manukato.

KUFUNGA

Kunja mraba uwe pembetatu. Upande mrefu uwe chini ya kiuno cha mtoto, ncha ipite katikati ya miguu, na pembe mbili zikutane tumboni. Unapotia pini, weka vidole vyako kati ya pini na ngozi ya mtoto, ili ikiteleza ikuchome wewe. Vidole viwili viweze kupita kiunoni. Kuzidi hapo nepi italegea, kupungua hapo itambana.

Miguu iachwe ikunjuke na kutanuka yenyewe kama ya chura. Kumnyosha mtoto miguu na kumkaza kwa nguo huweza kuharibu viungo vya nyonga. Mbeleko haina dhara hiyo, kwa kuwa mapaja ya mtoto hutanuka mgongoni kwa mama yake.

Mpaka kitovu kianguke, ambacho aghalabu huanguka katika wiki ya kwanza au ya pili, ukingo wa nepi ukunjwe chini yake ili mkojo usikiloweshe. Kisipakwe jivu wala kitu chochote ila dawa uliyopewa na mkunga au hospitali. Ukiona wekundu umeenea pembeni mwake, au usaha, au harufu mbaya, usingoje kesho.

Siku za kwanza mtoto hutoa kinyesi cheusi chenye kunata kama lami. Tandika kitambaa chakavu ndani ya nepi, uoshe chooni kwanza kabla ya kukichanganya na vingine.

Nepi ya nguo ina faida moja ambayo wengi hawaikumbuki: huonyesha dhahiri kama mtoto anyonya vya kutosha. Siku ya kwanza huenda akalowesha moja tu, ya pili mbili. Kuanzia siku ya tano au ya sita yapasa alowesha sita au zaidi kwa siku. Zikipungua hapo, au mkojo ukiwa mzito wa rangi, au mtoto akiwa mlegevu, apelekwe kwa daktari siku ile ile.

KUFUA

Wako wasemao kuwa kinyesi cha mtoto anyonyaye si uchafu. Hayo si kweli. Kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima. Basi fuateni utaratibu huu.

Kwanza, kinyesi kiondolewe chooni. Nepi zilizotumika zingoje katika ndoo yenye mfuniko, mbali na watoto wadogo, kwa kuwa mtoto aanzaye kutambaa huweza kuzama katika ndoo ya maji.

Pili, suuza kwa maji yasiyopashwa moto. Maji ya moto hugandisha doa. Hapa maji ya kisima yenye chumvichumvi yatosha.

Tatu, fua kwa sabuni na maji ya moto. Kwa kazi hii na kwa suuzo la mwisho tumieni maji matamu, hasa ya mvua mkiwa mmeyakinga. Maji magumu huila sabuni bila ya povu, na nguo hukauka ikawa ngumu kama ubao.

Nne, suuza mara mbili, mpaka povu liishe na harufu ya mkojo isiwepo. Ndivyo najisi itokavyo, na ndivyo ngozi ya mtoto inavyosalimika na upele. Maji ya suuzo la mwisho yasimwagwe: yafunikwe, yawe suuzo la kwanza la kesho. Kwa njia hii madumu mawili ya lita ishirini yatosha nepi za siku nzima.

Tano, maji machafu yote yamwagwe chooni, si mchangani wala karibu na kisima. Wala nepi isitiwe ndani ya birika. Maji yatekwe kwa kata, ufuaji ufanywe pembeni. Kisha oseni mikono kwa sabuni.

KUANIKA

Jua ni dawa isiyouzwa: hukausha, hupunguza vijidudu na hufifisha madoa. Anikeni juu ya kamba, darini au uani, msitandaze mchangani. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki yuko inzi atagaye mayai juu ya mchanga na nguo mbichi, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mtu na kufanya majipu. Wakati wa masika, nguo zikishindwa kukauka barabara, zipigwe pasi ya moto pande zote mbili.

Mtoto abadilishwe mara alowapo, naye aoshwe kwa maji na kukaushwa. Poda haina haja. Vumbi lake huingia mapafuni. Akipata wekundu, aachwe bila ya nepi juu ya kitambaa kwa muda kila siku. Wekundu ukizidi siku tatu, au ukitoa vipele vidogo pembeni mwake, nendeni zahanati au Hospitali ya King Fahd mjini Lamu.

Siku ya safari ya mashua, au mama akiwa mgonjwa na hana msaidizi, nepi ya kutupa si dhambi. Lakini kinyesi kiondolewe chooni, na nepi yenyewe ipelekwe jaani.

Neno la mwisho nalipeleka kwa mabwana, ingawa hawapo hapa. Mama aliyejifungua, katika arubaini yake, hapaswi kuinua madumu ya maji. Baba akihakikisha kwamba maji yamefika na kamba imefungwa darini, amekwisha fanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki itakuwa nyepesi, mtoto atalala mkavu, na kisima kitabaki kitamu kwa ajili yake atakapokuwa mkubwa.