Mkanda Haununuliwi



Vijana wetu wanaojifunza karate kwenye ghala la ushirika wananung'unika: kila siku kufagia, kuinama, kurudia mapigo yale yale! Wanataka mikanda upesi, wakashinde medali.

Karate ilitoka Okinawa, Japani. Gichin Funakoshi, aliyekuwa mwalimu wa shule, aliipeleka Tokyo mwaka 1922, akafundisha kwamba adabu hutangulia ngumi. Na medali je? Karate ilichezwa katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Paris 2024 haikuwamo. Adabu ndiyo iliyobaki.

Jamani, mkanda wa kununua humpa kijana kiburi, na siku ya ugomvi ataumiza mtu au ataumia yeye. Kwa hiyo tumekubaliana: mkufunzi asiharakishwe. Anayeona haya kushika ufagio, asifundishwe ngumi. Wazazi, tumuunge mkono.