Kutoka Darasani Hata Kitandani pa Mgonjwa

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za kijana asomeaye udaktari, siku ile anapotolewa darasani na kusimamishwa mara ya kwanza mbele ya mgonjwa. Amekwisha kusoma vitabu vingi, naye ajua majina ya mifupa yote. Lakini mfupa wa kitabuni haulii, wala hauoni haya.

Na tuanze na habari iliyotokea Vienna, mji mkuu wa Austria. Hospitali kubwa ya mji ule ilikuwa na sehemu mbili za kuzalishia. Tangu mwaka 1840 wanafunzi wa udaktari walifundishwa katika sehemu ya kwanza, na wakunga katika ya pili. Homa ya uzazi iliua pande zote mbili, ila si sawasawa. Mwaka 1846, katika kila wazazi 100 upande wa wanafunzi, walikufa kama 11. Upande wa wakunga hawakufika 3. Wanawake wenyewe walikuwa na habari, wakapiga magoti na kusihi wasipelekwe upande ule.

Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Hungaria, alitafuta sababu asiione. Watu walisingizia hewa, na msongamano, hata kengele ya padre apitaye kuwaombea wanaokufa! Kisha mwezi wa Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, mwalimu wa kupasua maiti, alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi, akafa. Mwili wake ulipochunguzwa, zikaonekana dalili zile zile za wanawake waliokufa. Ndipo Semmelweis alipotambua. Wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi, na harufu ya maiti ingali mikononi ijapokuwa wamenawa kwa sabuni. Mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni wakafa 2 tu na kidogo.

Wanafunzi wale hawakuwa wavivu wala wabaya. Vijidudu vya maradhi vilikuwa havijajulikana bado. Lakini kati ya chumba cha kujifunzia na chumba cha wagonjwa palikuwa na mlango, na hapakuwa na mtu wa kuwatengeneza mlangoni.

Siku hizi kunawa mikono hufundishwa mapema. Twaona lililo gumu zaidi ni ulimi. Katika vyuo vyetu, kama Muhimbili au Makerere, masomo ya udaktari hufundishwa kwa Kiingereza, lakini bibi kizee hataeleza ugonjwa wake kwa Kiingereza. Atasema ana vichomi, au ana safura, au mwili mzima umelegea. Mwanamke mwenye haya akisema “tumbo”, pengine ana maana ya mji wa mimba. Kijana asiyezoezwa kusikiliza ataandika tumbo, na dawa itakuwa ya tumbo.

Kwa hiyo vyuo vingine huwatia wanafunzi katika mazoezi kwanza. Huko Los Angeles, Marekani, mwaka 1963, daktari Howard Barrows alimfundisha mtu mzima wa afya kujifanya mgonjwa, ili wanafunzi wamwulize na kumpima pasipo hatari. Desturi hii imeenea sana. Sisi tufundishao walimu hatukuishangaa: nasi huwaweka vijana wetu wasomeshane wenyewe kwa wenyewe kabla hatujawakabidhi watoto wa watu.

Katika mazoezi hayo kijana hujifunza hata kuingia. “Shikamoo, bibi. Mimi ni mwanafunzi, na daktari wangu yuko karibu. Waniruhusu nikupime?” Kisha angoje jibu. Wako waonao kwamba maneno haya ni kupoteza wakati. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo.

Nawe uliyelala kitandani, “Marahaba, mjukuu wangu” yatosha kumtuliza mtoto huyu, maana mikono yake yatetemeka kuliko yako. Waweza kumwuliza kama amenawa. Si utovu wa adabu. Na ikiwa hutaki akupime yeye, mwambie hivyo waziwazi, naye atakwenda kumwita mwalimu wake.