Chaji Haipandi Mlima wa Soni

Msikilizaji, umeme ukikatika jioni hapa Lushoto kisha ukarudi, watoto mtaa mzima hupiga kelele: "Umekuja!" Nasi wakubwa tunauona kichwani ukija. Umetoka Hale, kwenye mitambo inayozungushwa na maji ya mto Pangani tangu 1964, umepita Korogwe, umekata kona Mombo, umezipanda zile kona za Soni ukihema kama Coaster iliyojaa.

Mimi nasema hakuna chaji iliyopanda mlima.

Chaji ndani ya waya hubebwa na chembe ziitwazo elektroni, nazo ni goigoi ajabu. Chukua taa ya sola ya volti 12 inayokula ampea 1, waya wake wa shaba una milimita za mraba 1.5. Humo elektroni husogea kama sentimita 18 kwa saa. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye taa, elektroni iliyoondoka alfajiri hii itafika kesho, jua limeshapanda. Na kwa mwendo huo, kilomita 33 za Mombo hadi Lushoto ingezimaliza kwa miaka 21. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoanza safari angeipokea akiwa ameshapiga kura.

Sasa mbona taa inawaka papo hapo? Muulize mkulima wa kabichi anayemwagilia kwa mpira. Mpira umejaa maji tangu jana. Akifungua koki kule juu, huku chini yanachuruzika mara moja, lakini si yale yaliyoingia sasa hivi. Ni yale yaliyolala humo usiku kucha. Waya nao umejaa elektroni muda wote, hata umeme ukiwa umekatika. Kinachokimbia ni msukumo, na huo unakaribia kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde.

Umeme wa nguzo una kichekesho zaidi. Wenyewe haujui mbele wala nyuma: huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, kwa hiyo elektroni inatikisika palepale, umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Zile zinazotikisika kwenye waya za sebuleni kwako ulizinunua mwenyewe, dukani, pamoja na waya. LUKU unalipia kazi ya kuzitikisa.

Ndiyo maana nashangaa mtu akijenga nyumba ya vigae halafu akabania kwenye waya. Waya ukiwa na nusu ya unene, mzigo ukabaki uleule, elektroni hulazimika kusogea kwa kasi mara nne. Zinagonga atomi za shaba kwa nguvu zaidi, na waya unachemka ndani ya ukuta usikouona. Kwa baridi yetu ya Julai, kila nyumba ikiwa na hita ya maji na pasi, hapo ndipo utakapoijua kazi ya fundi.

Kwangu soketi ya jikoni ilianza kunuka plastiki. Fundi akaifungua, akakuta waya mbili zimesokotwa kwa vidole na kuviringishwa kipande cha mfuko wa nailoni. Akauliza, "Mzee, nani alikufanyia hivi?"

Nikamwambia chai iko tayari.