Maneno juu ya Kulea Miche ya Miti ya Matunda Nyumbani, katika Nchi ya Singida



Shauri tulilowaletea leo ni dogo kwa maneno, bali ni kubwa kwa kazi: jinsi ya kuulea mche wa matunda uani hata uwe mti.

Mara nyingi tumeulizwa kama tufaha la Ulaya laweza kustawi hapa kwetu. (Tofaa la watu wa Pwani ni tunda jingine, wala hatusemi habari zake.) Jibu letu ni hili. Mtufaha hutaka majira ya baridi upate kupukutisha majani na kulala, ndipo uamke na kutoa maua. Kwa sababu hiyo katika Tanzania hupandwa hasa nchi za milima, kama Njombe na Lushoto. Singida usiku wa Juni na Julai una baridi, lakini jua la mchana ni kali, na mvua yetu huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili. Mwenye hamu na ajaribu mche mmoja. Lakini mwenye kutaka watoto wake wale matunda, na aanze na mwembe.

Mwembe asili yake ni Bara Hindi, nao umeizoea nchi yetu zamani. Ulipandwa kando ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, njia ile iliyopita Mgunda Mkali, upande wa Manyoni, mahali ambapo wapagazi waliogopa kiu. Mizizi yake hushuka chini sana, na ukiisha kushika hauogopi kiangazi. Lakini hiyo ni sifa ya mti mzima. Mche ni kama mtoto mchanga, hauwezi kujitafutia maji.

Hapo ndipo tulipokosea sisi wenyewe. Mwaka mmoja tulipanda miche 10 kwa furaha kubwa. Mvua ilipokoma tuliimwagilia majuma machache, kisha tukachoka. Baada ya mavuno mifugo ikaachwa ile mabua, na mbuzi wakaingia uani. Desemba ilipofika, mche uliobaki ulikuwa 1. Tulisema udongo ni mbaya. Udongo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu.

Basi tufanye hesabu kabla ya kushika jembe. Mche mmoja katika kiangazi cha kwanza wataka nusu debe la maji, mara 2 kwa juma, yaani debe 1. Tangu Mei hata Novemba ni majuma 30 hivi. Miche 10 itataka madebe 300. Miche 2 itataka madebe 60 tu. Ni nani atakayeyateka? Afadhali miembe 2 iliyo hai kuliko mashimo 10 matupu.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza, chimba shimo mwezi wa Septemba au Oktoba, upana futi 2 na kina futi 2. Udongo wa juu uweke mbali na ule wa chini. Changanya udongo wa juu na madebe 2 ya samadi ya zizini iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ukipanda zaidi ya mmoja, acha futi 30 kati ya mti na mti.

Pili, panda mvua ikiisha kutulia, wakati wa jioni. Uliza kwa Bwana Shamba habari za miche iliyobebeshwa, kwa maana huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na ule wa kokwa hukawia zaidi. Mahali palipobebeshwa pasifukiwe na udongo, na machipukizi yatokayo chini yake yakatwe, kwa kuwa hayo ni ya mti mwingine. Maua ya miaka 2 ya kwanza yaondoe, mti upate nguvu.

Tatu, tandaza majani makavu kuzunguka mche kuhifadhi unyevu, lakini yasiguse shina, mchwa wasipate njia. Kagua kila siku.

Nne, zungushia miiba mirefu siku ile ile ya kupanda. Mbuzi hangoji kesho.

Tano, habari za maji. Maji ya ziwa Singidani na ya Kindai yana chumvi. Usiyamwagie miche kamwe. Maji yaliyooshea mboga au mikono yafaa, kama hayana sabuni nyingi. Ukiwa na mtungi wa udongo, uzike karibu na mche, mdomo uwe juu, uujaze maji na kuufunika. Maji yatapenya polepole mpaka mizizini, wala jua halitayanywa.

Tena tuseme neno ambalo sisi wanaume hatupendi kulisikia. Mara nyingi mume hupanda mti na kusifiwa, kisha mke na binti ndio wachukuao maji kutoka mbali. Haifai. Aliyepanda na ashike zamu yake ya ndoo. Nanyi walimu, mkiwapa watoto miche, amueni kwanza ni nani atakayeimwagilia shule ikifungwa.

Ndugu zetu, mti hupandwa siku moja, bali hulelewa viangazi viwili. Kiangazi cha pili debe 1 kwa juma latosha; baada ya hapo mizizi itajitafutia yenyewe. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukubali kuinama na ndoo miaka 2, na wajukuu wetu watakaa kivulini wakila maembe.