Mtoto Akishafungwa Pini za Kiwiko, Tazama Vidole

Mtoto ameanguka mwembeni akajikinga kwa kiganja, na mfupa wa mkono ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Wengi wanaovunjika hivi wana miaka 5 hadi 7. Daktari ameuunga kwa pini, picha ya eksirei inapendeza, na mzazi ameshusha pumzi. Lakini mfupa ukishakaa sawa, damu nayo yataka kulindwa.

Mbele ya kiwiko hupita ateri inayolisha mkono wote. Ncha ya mfupa uliovunjika huweza kuibana au kuichana, na hata baada ya upasuaji ateri hiyo huweza kusinyaa au kuziba kwa damu iliyoganda. Tena, misuli ya kigasha huvimba ndani ya utando usiotanuka. Shinikizo likipanda humo, damu haipiti.

Kwa hiyo, mzazi, vidole visifunikwe. Viguse: vina joto sawa na vya mkono wa pili? Bonyeza ukucha kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kwa mtoto mweusi, weupe huonekana upesi kwenye kucha na kiganja.

Mapigo ya damu yakisikika, usidhani yote ni salama, kwani misuli huweza kukosa damu huku mapigo yakiendelea. Dalili kubwa ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Mtoto mdogo hatakueleza. Atahangaika, atalia habembelezeki, atataka dawa tena na tena. Ukimnyooshea vidole taratibu, atapiga ukelele.

Hapo mwite muuguzi mara moja, na asipokuelewa, mwite tena. Plasta na bandeji zitalegezwa, kiwiko kikunjuliwe kidogo, na ikibidi daktari arudi chumba cha upasuaji kuufungua utando au kuitengeneza ateri. Misuli iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huweza kufa. Mwaka 1881, daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza jinsi mikono ya namna hiyo inavyobaki imejikunja, vidole havinyooki.

Kama mmesharuhusiwa kurudi nyumbani, msimkande mtoto wala msikaze bandeji. Dalili hizi zikitokea usiku wa manane, mrudisheni hospitali usiku huohuo. Daktari akikuta vidole vizima, mmepoteza usingizi tu.