Tusingoje Mashine Mpya

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru

 

Mkutano uliopita huko Ruiru mama mmoja alituuliza: "Tumesikia kuna mashine mpya ya kutafuta saratani ya matiti. Haibani titi, wala haitumii eksrei. Si afadhali tungoje hiyo?" Ni swali zuri, tena wengi wanalo moyoni.

Hii mashine hutumia mawimbi ya maikrowevu. Ni ya jamii moja na mawimbi ya redio na ya simu ya mkono, nayo hutumwa kwa nguvu ndogo sana, hayachomi. Mkitaka kujua maji yamefika wapi ndani ya tangi, mnafanya nini? Mnaligonga na kusikiliza. Penye maji, sauti hubadilika. Mashine nayo hutuma mawimbi ndani ya titi na kupokea yale yanayorudi. Mafuta ya titi yana maji kidogo, lakini uvimbe wa saratani una maji mengi, kwa hiyo mawimbi yakiufikia hurudi kwa namna nyingine. Kompyuta inayapanga yawe picha.

Jambo hili si uongo. Watafiti wa Dartmouth huko Marekani walieleza majaribio yao mwaka 2000, na wale wa Bristol, Uingereza, wakatengeneza mashine yao baadaye. Shida ni kwamba hata titi lisilo na ugonjwa lina sehemu zenye maji mengi, zile za kutengeneza maziwa, hasa kwa mama kijana. Basi picha inaweza kuchanganya. Ndiyo sababu mashine hizi bado zinafanyiwa majaribio, na hazijachukua nafasi ya mamogramu. Na mtu akija sokoni na kimashine cha kushika mkononi, akisema kinasoma magonjwa yote, msimpe pesa yenu.

Sasa tuwaambie kwa nini hatuwezi kungoja. Katika kikundi kimoja karibu na Thika tulikuwa na mwenzetu aliyepata kijivimbe kama punje ya hindi. Hakikumwuma, akanyamaza. Aliogopa kukatwa titi, tena hakuwa na nauli wala pesa ya kipimo. Mwaka huo sisi tulimtembelea mara mbili, tukazungumza habari za mradi wa kuku. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Siku ya mazishi kikundi kilichanga vizuri sana, tukakodi hema na basi. Tukirudi tulijiuliza: hii pesa ilikuwa wapi siku ya kijivimbe? Ilikuwa ndani ya sanduku letu. Huruma tulikuwa nayo, ila hakuna aliyeuliza, na sisi tukiwa wa kwanza.

Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba zaidi ya wanawake 6,500 wa Kenya walipata saratani ya matiti. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Ikionekana mapema, inatibika.

Basi tushike haya. Ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyokunjamana, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, nenda uangaliwe wiki hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu, hata kama una miaka 25. Wanaume pia, ingawa ni wachache, hupata. Si kila uvimbe ni saratani, lakini anayejua ni yule aliyepimwa. Kwa asiye na dalili, mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2018 unashauri mamogramu kuanzia miaka 40. Inabana, ndiyo, lakini ni kwa muda mfupi tu.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Ruiru, au Thika Level 5. Wakikutuma mbele, nenda. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka 2019, haiko mbali na Ruiru, na inatibu saratani. Kila mmoja ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

Na kikundi kifanye nini? Tunapendekeza sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi iwe mfuko wa nauli na kipimo. Mama asiende peke yake, asindikizwe na mwenzake. Na nyinyi akina baba, mama akisema ameona kitu, msimwambie angoje kahawa ilipwe.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Ni nini kinachowafanya wenzetu wafiche uvimbe?
2. Mwaka jana tulichanga kiasi gani kwa mazishi, na kiasi gani kwa matibabu?
3. Mama akiona uvimbe leo jioni, atamwambia nani, na pesa ya kesho asubuhi itatoka wapi?